Msaada, Masharti na Kauli: Kuisoma Dhamira ya Ufadhili wa Kigeni katika Fasihi

Utangulizi

Kila ninaposahihisha mitihani ya mwigo, mimi hukutana na aya moja ambayo sasa naijua kwa moyo. Swali likiuliza kuhusu utegemezi au ukoloni mamboleo, mtahiniwa huandika hivi: "Wafadhili ni wabaya. Wanatupa misaada ili watunyonye. Viongozi wetu ni vibaraka. Haya yanatokea hata katika jamii ya leo." Kisha huipigia mstari hoja yake na kwenda kwa hoja inayofuata, akiamini amekwisha kuvuna alama zake. Mtahini naye hutafuta mfano kutoka kwenye kitabu asiuone, hutafuta maelezo asiyaone, na mwishowe humpa alama moja kwa huruma.

Zamani nilidhani tatizo hili ni la uvivu wa wanafunzi. Siku moja nilipokuwa nikifundisha mada hii katika Kidato cha Tatu, mwanafunzi mmoja kutoka eneo kame aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, wakati wa ukame nyumbani tulikula mahindi ya msaada. Ikiwa msaada ni mtego, mama angefanya nini?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, wala sikuwa na jibu. Niligundua kuwa ile aya ninayoilaumu kila mwaka nimeifundisha mimi mwenyewe.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu na mtahiniwa kuishughulikia dhamira ya ufadhili wa kigeni kwa undani zaidi. Hoja yetu kuu ni kwamba anayesoma kazi ya fasihi kuhusu msaada asiulize tu iwapo mtoaji ni mwema au mwovu. Aulize ni nani anayebaki na kauli baada ya msaada kupokelewa. Ili kuifafanua hoja hii, tutaanza na istilahi, tutaangalia usuli wa kihistoria kutoka Tanzania, kisha tutarejea kwenye tamthilia mbili: Mabepari wa Venisi na Amezidi. Mwishoni tutaonyesha namna ya kujibu swali.

Istilahi na mzigo wake

Lugha yetu ina maneno mengi kuhusu jambo hili, na watahiniwa wengi huyachanganya. Ruzuku ni fedha au mali itolewayo bila kutarajiwa kurudishwa. Shina lake ni lile lile la neno riziki. Mkopo hurudishwa, uwe na riba au usiwe nayo. Msaada ni neno pana linaloweza kujumuisha yote mawili, na hapo ndipo udanganyifu mwingi hujificha, kwa kuwa mkopo unaoitwa msaada hupokelewa kwa vigelegele na kulipwa kwa machozi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Tuna pia mhisani na mfadhili. La kwanza linatokana na ihsani, la pili na fadhila, na yote mawili yanaeleza wema. Mhusika anapomwita mgeni "mhisani wetu", tayari amekwisha kumpa sifa kabla hajaona alicholeta. Kwa hivyo mwanafunzi anapaswa kuangalia ni nani katika kitabu anayelitumia neno hilo, anamwambia nani, na je, mwandishi analitumia kwa dhati au kwa kejeli?

Neno la mwisho ni sharti. Si lazima sharti liandikwe kwenye mkataba. Laweza kuwa riba, laweza kuwa kununua bidhaa za mkopeshaji, laweza kuwa kura katika baraza la mataifa, laweza hata kuwa kunyamaza tu.

Usuli wa kihistoria: Tanzania, 1964 hadi 1976

Mara nyingi sisi walimu huwaambia wanafunzi kuwa fasihi ni kioo cha jamii, lakini hatuwaonyeshi jamii yenyewe. Mfano wa Tanzania unafaa kwa sababu katika muda wa miaka michache nchi hiyo changa ilikabiliana na wafadhili wa aina mbalimbali, na kila mmoja alikuja na sharti lake.

(a) Wajerumani wawili

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ujerumani iligawanyika mara mbili: Magharibi, iliyokuwa na serikali yake Bonn, na Mashariki, iliyofuata ukomunisti. Tangu mwaka 1955, Bonn ilikuwa na msimamo uliojulikana kwa jina la Walter Hallstein: nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki, ukiondoa Muungano wa Kisovieti, ihesabu kuwa imejitenga na Ujerumani Magharibi na misaada yake.

Tanganyika ilikuwa ikipokea misaada ya Ujerumani Magharibi. Zanzibar, baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, iliitambua Ujerumani Mashariki nayo ikaanza kupata misaada kutoka huko. Nchi hizo mbili zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, serikali mpya ilijikuta na wafadhili wawili wasiotaka kuonana ana kwa ana. Mwalimu Julius Nyerere alijaribu njia ya katikati: Ujerumani Mashariki isiwe na ubalozi, bali iwe na ofisi ya konsuli jijini Dar es Salaam. Njia hiyo haikumridhisha yeyote. Mapema mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa wataalamu wake wa kijeshi, waliokuwa wakisaidia kujenga kikosi cha anga. Nyerere alijibu kwa kuwataka waondoe misaada yao yote ya kiserikali, si ile ya kijeshi pekee. Msimamo wake ulikuwa kwamba marafiki wa Tanzania hawataichagulia nchi hiyo maadui.

Hapa wanafunzi hupenda kupiga makofi na kufunga daftari. Tusiwaruhusu. Upande wa pili wa bahari, Ujerumani Mashariki ilijenga nyumba za ghorofa Zanzibar, ikapeleka walimu na madaktari, na pia ikasaidia kuwafunza maofisa wa usalama. Wapo watu waliopata makao katika nyumba zile, na wapo walioihofia idara ile ya usalama. Mfadhili alikuwa mmoja.

(b) Deni la Uingereza ambalo halikutolewa

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wachache wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, ilijitangazia uhuru wake kinyume cha matakwa ya Waafrika walio wengi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliazimia kuwa wanachama wavunje uhusiano na Uingereza ikiwa haitachukua hatua. Nchi nyingi zilisita. Tanzania ilivunja uhusiano huo tarehe 15 Desemba 1965. Matokeo yake, mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao Uingereza ilikuwa imekubali kuutoa ulizuiliwa. Uhusiano ulirejea mwaka 1968.

Nchi haikuambiwa ichague kati ya mema na maovu. Iliambiwa ichague kati ya kauli yake na pauni milioni 7.5. Kauli ina bei, na wakati mwingine bei hiyo hulipwa na mtu ambaye hakushauriwa.

(c) Reli ya Uhuru

Zambia, iliyopata uhuru mwaka 1964, haina bahari, na shaba yake ilisafirishwa kwa kupitia nchi zilizotawaliwa na walowezi. Njia mpya ya kwenda bandari ya Dar es Salaam ilihitajika. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi ziliona kuwa reli ya namna hiyo haitakuwa na faida ya kibiashara. China ilikubali. Mkataba ulitiwa saini jijini Beijing mwezi wa Septemba 1967, kazi ikaanza rasmi mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa kwa wenyewe mwezi wa Julai 1976. Ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mkopo ulikuwa wa yuani milioni 988, wa kulipwa katika miaka 30, bila riba.

Bila riba! Mwanafunzi atauliza: sharti liko wapi basi? Sehemu ya gharama za ujenzi zilizotumika ndani ya nchi ililipwa kwa njia ya bidhaa. China ilileta bidhaa zake, zikauzwa madukani Tanzania na Zambia, na fedha zilizopatikana zikatumika kwenye reli. Kwa hivyo mwananchi aliyenunua bakuli au shati la Kichina alikuwa akichangia reli bila kujua. Kuna pia suala la kura. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuitetea China irejeshewe kiti chake katika Umoja wa Mataifa, jambo lililofanikiwa mwezi wa Oktoba 1971. Mwaka 1981 balozi aliyeiwakilisha Tanzania wakati huo, Salim Ahmed Salim, alipogombea nafasi ya Katibu Mkuu wa umoja huo, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu.

Je, kura ile ya mwaka 1971 ilinunuliwa kwa reli? Haitakuwa haki kusema hivyo, kwa sababu Tanzania iliiunga mkono China hata kabla ya mkataba wa reli. Lakini hatuwezi pia kusema kuwa urafiki ule haukuwa na uzito. Vilevile, tusisahau kuwa nje ya Dar es Salaam, Gongo la Mboto, kuna makaburi ya Wachina waliofariki dunia katika miaka ya ujenzi. Mwanafunzi anayeandika "mfadhili ni mnyonyaji" aulizwe atayaweka wapi makaburi hayo katika insha yake.

(d) Neno na tendo

Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Azimio hilo, ambalo ni mfano mzuri wa nathari ya kisiasa ya Kiswahili, linaonya dhidi ya kuifanya fedha kuwa silaha kuu ya maendeleo, na dhidi ya kutegemea zawadi, mikopo na rasilimali za wageni, kwa kuwa taifa linalotegemea wengine haliwezi kuwa huru kwa kweli. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 Tanzania ilipokea misaada mingi, hasa kutoka nchi za Ulaya ya Kaskazini na Benki ya Dunia. Mwaka 1979 iligombana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu masharti ya mkopo. Nyerere aliondoka madarakani mwaka 1985, na mwaka 1986 serikali ya Ali Hassan Mwinyi ikakubaliana na shirika hilo. Reli nayo ilipungukiwa na mizigo na matengenezo miaka ilivyopita, hata mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zikatia saini makubaliano ya kuifufua.

Pengo hili kati ya neno na tendo halimfanyi Nyerere kuwa mnafiki. Linatuonyesha kuwa kusema "la" mara moja ni rahisi kuliko kuishi na "la" hiyo kwa miaka ishirini. Fasihi nzuri hukaa katika pengo hilo.

Maswali manne ya msomaji

Kutokana na usuli huu, tunaweza kumpa mwanafunzi maswali manne ya kubeba anaposoma kazi yoyote yenye dhamira hii:

1. Nani aliyeomba, na aliomba kwa niaba ya nani?
2. Sharti liko wapi: katika riba, katika bidhaa, katika kura, au katika kunyamaza?
3. Nani anayeweza kusema "la", na akisema atapoteza nini?
4. Nani atakayelipa, na je, ndiye aliyefaidi?

Sasa tuyajaribu maswali haya kwenye tamthilia.

Mabepari wa Venisi

Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Nyerere aliligeuza kuwa wingi na akatumia neno "mabepari", ambalo katika Tanzania ya wakati huo halikuwa neno la pongezi. Hatuwezi kudai kuwa aliitafsiri kwa sababu ya mikopo ya nchi yake. Tunachoweza kusema ni kwamba msomaji wa Kiswahili wa mwaka 1969 aliipokea tamthilia kuhusu mkopo na sharti lake katika nchi iliyokuwa ikijadili mikopo na masharti yake kila siku.

Nani aliyeomba? Antonio anakopa dukati 3,000 kwa muda wa miezi mitatu, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya rafiki yake Bassanio anayetaka kwenda kumposa Portia. Anayeomba na anayefaidi ni watu wawili tofauti. Mwanafunzi aone hapo mfano wa serikali inayokopa kwa jina la wananchi.

Sharti liko wapi? Shylock anakopesha bila riba, akisema anataka urafiki. Anaweka sharti moja kama mzaha: deni lisipolipwa kwa wakati, akate ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Mkopo usio na riba ndio wenye sharti la kuua. Bassanio ananusa hatari na kumtahadharisha mwenzake, lakini Antonio anaamini jahazi zake zitarudi. Kiburi cha mkopaji ni sehemu ya mtego kama ilivyo hila ya mkopeshaji.

Nani anayeweza kusema "la"? Antonio angeweza. Tena tusimsahau Shylock mwenyewe. Kabla ya mkopo, Antonio alikuwa akimtukana na kumtemea mate kwa sababu ya Uyahudi wake, na siku ya kukopa hakuomba radhi. Mwalimu awe mwangalifu hapa. Mwanafunzi anayeandika kuwa "Shylock ni mbaya kwa kuwa ni Myahudi" hajahakiki kitu. Amerudia tusi la Antonio. Uhakiki wa haki huonyesha kuwa ukatili wa sharti ulizaliwa katika dharau ya muda mrefu.

Nani anayelipa? Katika kesi, Portia, akiwa amejigeuza wakili kijana, hamwombi Shylock huruma pekee. Anausoma mkataba. Unasema nyama, hausemi damu. Hati iliyokuwa imemfunga Antonio ndiyo inayomwokoa, kwa sababu amepatikana mtu wa kuisoma neno kwa neno. Shylock anaishia kunyang'anywa mali na kulazimishwa kubadili dini, na msomaji mwaminifu hatafurahia adhabu hiyo bila kuuliza maswali.

Mwalimu mwenzangu, jambo hili la Portia naliona kuwa sababu kubwa ya kufundisha fasihi. Wanafunzi huuliza faida ya kuchambua dondoo la mistari mitatu. Wajibiwe kwamba aliyezoea kuuliza "neno hili limetumiwaje hapa, na lipi halikusemwa?" ndiye atakayeuliza vivyo hivyo siku moja akiwa na mkataba wa mkopo mbele yake, uwe wa nchi, wa kaunti au wa simu yake ya mkononi.

Amezidi

Tamthilia ya Amezidi, iliyochapishwa mwaka 1995, ni ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar. Aliyashuhudia akiwa kijana mapinduzi na miaka ya wafadhili tuliyoieleza. Wahusika wakuu ni Ame na Zidi. Utegemezi wa misaada ni mojawapo ya dhamira zake kuu, na wahakiki huihusisha na mkondo wa ubwege, yaani uandishi unaoyaonyesha maisha kama jambo lisilo na mantiki wala mwelekeo.

Tuanze na majina, kwa kuwa hapo pana somo zima la uhakiki. Ukiyaunganisha majina mawili unapata jina la tamthilia: amezidi, yaani amepita kiasi. Ukiyatenganisha, "ame-" ni viambishi vya nafsi na wakati vinavyosubiri kitenzi. Peke yake havitendi kitu. "Zidi" ni kitenzi kisicho na mtendaji. Peke yake ni amri tupu: zidi! Kwa usomaji wetu, jina hili linachora picha ya mtegemezi: mmoja ana nafsi bila tendo, mwingine ana tendo bila nafsi, na wakikutana kinachozaliwa ni kupita kiasi. Mtahiniwa anayeweza kueleza hivi amekwisha kuonyesha jinsi mbinu ya majina inavyobeba dhamira, badala ya kuviorodhesha vitu hivyo viwili mbalimbali.

Pili, kuna mtindo wenyewe. Katika tamthilia ya kawaida mhusika hutaka jambo, hukutana na kizuizi, kisha hushinda au hushindwa. Katika ubwege mhusika husubiri. Mtindo huu unalifaa suala la msaada kwa sababu jamii iliyoweka tumaini lake lote kwa wageni imeacha kuwa mtendaji wa hadithi yake. Hapa swali letu la tatu linapata jibu la kutisha: hakuna anayesema "la", kwa sababu hakuna anayekumbuka kuwa inawezekana. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga. Ubwege unaongeza kuwa huenda akafa akiwa bado anapanga namna ya kutumia kitakachokuja.

Tahadhari: si kila sharti ni la kumwonea mpokeaji

Wanafunzi wakiisha kuelewa haya, huelekea kuamini kuwa kila sharti ni uonevu. Historia yetu wenyewe inawakataza. Mwezi wa Novemba 1991, wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya kwa Kenya wakidai mageuzi ya kisiasa na kiuchumi. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja, kikaondolewa. Wakenya waliokuwa wamepigwa na kufungwa kwa kudai vyama vingi hawakulilia uhuru wa serikali kukopa bila masharti. Walitaka kauli ya raia, na kwa mara hiyo sharti la mgeni na dai la raia yalikutana njiani. Lakini tusiseme wafadhili ndio walioleta vyama vingi. Raia walianza kudai mapema na wakalipa kwa miili yao.

Kinyume chake, mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai 2025 shirika lake la USAID likaacha kuendesha miradi. Katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, huduma za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI zilitikisika. Mgonjwa hakuwa ameomba mkopo wala kuvunja sharti lolote. Dawa zilikuwa msaada wa kweli, zikaokoa maisha ya watu wengi, na bado uamuzi wa kuziendeleza haukuwa mikononi mwa mgonjwa wala mwa serikali yake. Msaada unaweza kuwa mwema, na papo hapo ukawa umemwacha mpokeaji bila kauli.

Namna ya kujibu swali

Tuchukue swali hili: "Mkopo usio na riba waweza kuwa ghali kuliko wote." Thibitisha kauli hii ukirejelea Mabepari wa Venisi. (alama 20)

Jibu dhaifu: "Shylock alimkopesha Antonio pesa kwa sababu alikuwa mnyonyaji. Alitaka kumkata nyama. Hii inaonyesha wakopeshaji ni wabaya."

Jibu hili lina ukweli lakini halijagusa swali. Halitaji riba, halionyeshi gharama, na linakimbilia hukumu.

Jibu bora: "Shylock anakataa kutoza riba na kudai kuwa anatafuta urafiki. Kwa kufanya hivyo anamwondolea Antonio hofu, na Antonio anakubali sharti la ratili ya nyama akilichukulia kuwa mzaha. Riba ingemgharimu fedha. Sharti hili linaugharimu uhai wake jahazi zinaporipotiwa kupotea. Gharama inaongezeka kwa kuwa aliyefaidi mkopo ni Bassanio, ilhali anayefikishwa mahakamani ni Antonio."

Jibu hili limeanza na tukio, likaeleza sababu, likaonyesha gharama, na likafunga kwa kurudi kwenye swali. Si refu, lakini kila sentensi inafanya kazi. Aidha, mtahiniwa akumbuke kwamba historia tuliyoieleza hapo juu ni ya kumsaidia kuelewa. Haitamletea alama ikiwa ataimwaga kwenye jibu badala ya matukio ya kitabu.

Hitimisho

Nimemrudia yule mwanafunzi wa Kidato cha Tatu moyoni mara nyingi. Leo angeniuliza tena, ningemjibu hivi: mama yako hakukosea. Mwenye njaa hana mtego wa kukataa. Ana watoto wa kulisha. Swali si kwa nini mama alipokea gunia lile, bali ni kwa nini wenye uwezo wa kuamua walifanya mwaka baada ya mwaka gunia hilo liwe ndio mpango wa pekee, na mama hakuulizwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mhakiki aliyeshiba asimhukumu mhusika mwenye njaa kwa kalamu nyekundu.

Tukiwafundisha wanafunzi kuitafuta kauli, hawatamhurumia mtoaji wala mpokeaji pasipostahili, na hawatamlaani yeyote kwa mazoea. Nao wakitoka darasani na maswali yale manne, watakuwa na kitu cha kuwafaa hata baada ya karatasi ya Fasihi kukusanywa.

Maswali ya kudurusu

1. Tofautisha ruzuku, mkopo na msaada, kisha ueleze jinsi mwandishi anavyoweza kuutumia mkanganyo wa maneno hayo kujenga kejeli. (alama 6)
2. "Anayeomba siye anayefaidi." Jadili ukirejelea Mabepari wa Venisi. (alama 10)
3. Fafanua umuhimu wa majina ya wahusika katika kuendeleza dhamira ya utegemezi katika Amezidi. (alama 10)
4. Chagua mhusika yeyote aliyepokea msaada katika kitabu ulichosoma. Eleza alichopata, alichopoteza, na iwapo alikuwa na uwezo wa kukataa. (alama 20)